Baba, Siku Ile Kwenye Ngome ya Petersburg

Baba yangu,

Unaikumbuka safari yetu ya Urusi? Ulitaka nione mji uliosomea ulipokuwa kijana. Makumbusho yote uliyapita, ukanivusha daraja moja kwa moja hadi kisiwani, kwenye ngome ya kale yenye kanisa ndani. Mzee mzima unatangulia mbele kama baba mwenye nyumba!

Kanisani ukanionyesha makaburi ya wafalme wao. Ukasema yule wa mwisho na familia yake walikaa miaka na miaka baada ya kuuawa ndipo wakazikwa humo. "Na sisi tunanung'unika kumsubiri mtoto aliye Ulaya ndipo tuzike," ukaninong'oneza. Nikabana kicheko, mama mlinzi akatutolea macho.

Nje, watu walikuwa wameegemea ukuta wa ngome, vifua wazi, wakiota jua huku barafu ikiwa bado mtoni. Ukasema hapo ndipo ulipokaa siku ulipopata habari kwamba babu amefariki, na ameshazikwa.

"Ulilia?"

"Wapi, mama! Nilinunua aiskrimu, nikaila yote."

Nilikuona mtu wa ajabu. Sasa nakuelewa.

Ulipofariki, Australia ninakoishi ilikuwa imefunga mipaka kwa sababu ya korona. Bila kibali hutoki, na ukitoka hujui utarudi lini, nami nina watoto wadogo. Mdogo wangu Elia akanipigia kutoka Morogoro: "Dada, watu wanauliza. Tukusubiri, au tuzike?"

"Zikeni," nikasema. "Msinisubiri."

Mazishi niliyatazama kwenye simu, jikoni kwangu hapa Auburn. Picha iliganda jeneza likishushwa. Iliporudi, watu walikuwa wanaweka mashada. Nikazima simu, nikaosha vyombo. Jirani yangu Mkongo, Mama Neema, aliniachia sufuria ya maharage mlangoni, akasimama mbali, amevaa barakoa. "Pole sana, dada. Ulie tu, huzuni itatoka."

Haijatoka hadi leo. Naamka, naenda kazini Parramatta, nacheka na wenzangu. Kifuani hamna kitu, na hilo linanitisha.

Mipaka imeshafunguliwa. Elia anauliza nakuja lini kuweka shada. Namwambia likizo haijapatikana, wakati ninayo. Kwangu mimi, baba, bado uko nyumbani, hujapokea simu tu. Nikija, itabidi nikuzike.

Pumzika. Nivumilie kidogo.

Binti yako wa kwanza