Filamu Alizozitazama Baba

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na ule mgongo uliokusumbua wakati wa baridi umetulia. Mama Mdogo hajambo? Ameshaizoea kazi ya zamu? Sisi huku tunapumua. Mume wangu bado anafundisha, nami bado niko na cherehani yangu. Baba anakula vizuri na miguu yake ina nguvu. Lakini lipo jambo, na naomba ukae kwanza ndipo uendelee kusoma.

Baba haoni tena.

Usidhani ni ajali. Presha ya macho ilikuwa ikimla polepole tangu siku za karakana, naye akidhani ni uchovu wa kushona viti vya magari. Tulipomfikisha kwa daktari, mshipa wa jicho moja ulikuwa umeshakufa, na wa pili uko njiani. Tuliambiwa dawa zitachelewesha tu. Baba akatukataza kukwambia. Alisema utaacha kazi yako uje kumlilia angali hai. Juzi ndipo aliponiruhusu, kwa hiyo usinilaumu sana.

Alipotoka hospitali alinyamaza. Alikaa sebuleni kama mgeni anayesubiri kuitwa. Kisha jioni moja mume wangu alikuwa akinisomea gazetini orodha ya filamu ambazo wajuzi wa sinema wamezichagua kuwa bora kuliko zote, kuanzia zile za zamani zisizo na sauti. Baba, ambaye unajua vizuri hakuwa mtu wa sinema, akageuza kichwa.

“Zinapatikana hizo?”

“Nyingi zinapatikana, Baba.”

“Basi nitafutieni. Hao wametazama mengi wakachagua. Mimi sina tena muda wa kuchagua.”

Ikawa ndiyo kazi yake. Alisogeza kiti mpaka magoti yakakaribia kugusa televisheni, akainamisha kichwa upande, maana jicho lililobaki lilikuwa na tundu dogo tu la kuonea. Zile za lugha za mbali, mume wangu alimsomea maandishi ya chini kwa sauti, na wanawake aliwafanyia sauti nyembamba hadi watoto wakavunjika mbavu.

Mimi sikucheka. Siku moja nilishindwa kujizuia. “Baba, macho yaliyobaki ndiyo unayoyamalizia kwa watu usiowajua? Wajukuu wako hawa hapa.”

Hakugeuka. “Daktari alisema hayaishi kwa kutazama, mwanangu. Yanaisha yenyewe.”

Nilirudi jikoni nikalia nimeinamia masufuria.

Baba akaanza kuzipanga upya hizo filamu kwa cheo chake mwenyewe. Mimi nilikuwa karani wake, karatasi nimeibandika kwenye mlango wa jokofu. Ile ambayo wajuzi wameiweka juu ya zote, ya mhandisi anayejenga daraja na kuipoteza familia yake, aliiteremsha mpaka katikati. Mume wangu alikasirika kana kwamba ametukanwa yeye.

“Baba, hii imesifiwa dunia nzima!”

“Basi siku hiyo mimi sikuwepo. Daraja nimeliona, zuri. Watu wake hawana damu.”

Ya vita aliitoa kabisa. Ya mwizi wa farasi aliipandisha kwa sababu ya farasi. Walibishana mpaka chakula kikapoa, nami nikagundua kuwa nyumba ina kelele tena.

Halafu ikaja moja iliyokaribia mwisho wa orodha ya wajuzi. Haina rangi, wala haina kisa cha maana. Ni ya mwanamke mwenye duka la kufulia nguo. Mumewe amekufa, naye anaendelea kupiga pasi mashati yake pamoja na ya wateja. Anapiga pasi, anakunja, anapiga pasi. Mume wangu alisinzia. Baba hakupepesa jicho. Ilipokwisha alibaki akitazama kioo kilichozimika.

“Iandike ya kwanza,” akaniambia.

Nikamuuliza ana nini yule mwanamke.

“Mama yako alinipigia pasi miaka yote tuliyoishi naye. Nilikuwa nachukua shati, nashukuru, natoka. Uso wake akiwa anapiga pasi siujui. Ningepewa kalamu nisingeweza kuuchora.”

Niliiandika ya kwanza, Baba Mdogo. Tangu mama afariki, hilo ndilo neno refu kuliko yote aliyowahi kunena juu yake.

Kesho yake kiti hakikuwa mbele ya televisheni. Alikileta chumbani kwangu, akakiweka karibu na cherehani, akakaa kunitazama nikishona. Nilipata haya kama bibi harusi. Nikamuuliza kama kuna kitu anataka, akasema, “Shona tu.” Aliwatazama watoto wakisukana nywele. Alimtazama mume wangu akisahihisha madaftari, mpaka maskini akawa anakosea kujumlisha. Orodha ilibaki na filamu nyingi ambazo hajazigusa, wala hakuziulizia.

Aliendelea hivyo hadi asubuhi aliponiomba niwashe taa, na dirisha lilikuwa wazi, jua limejaa chumba kizima. Nilimshika mkono. Akasema, “Aa, basi.” Hayo tu.

Mume wangu alijaribu kumsimulia filamu zilizobaki. Baba alisikiliza kwa adabu, kisha akamwambia anasimulia kama msoma taarifa ya habari, na kwamba yeye hawezi kukipa cheo kitu ambacho hajakiona. Sasa anajifunza kwenda uani kwa kugusa ukuta. Siku nyingine huamka na hasira, hataki kuguswa. Siku nyingine huimba anapooga. Sitakudanganya kwamba amezoea.

Nisalimie sana Mama Mdogo, na wanao, Kibonge na pacha wake mpole. Shangazi mkubwa anawasalimu, analalamika hampigi simu. Mungu awalinde huko mliko, awape riziki isiyo na machozi.

Nilimsomea Baba barua hii kabla ya kuifunga. Nikamuuliza kama nikuombe uje upesi, au nikuache na kazi yako.

“Sura yake ninayo,” akasema. “Mwambie alete sauti.”

Akupendaye daima,
Binti wa kaka yako.