Kwa Nini Chumba cha Sindano Kimefungwa

Cibitoke, Bujumbura

Kaka yangu Hamisi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kikohozi cha mama kimetulia. Wifi ameshajifungua au bado? Mimi namshukuru Mungu, afya ninayo, ila joto la huku unalijua mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu kila nikianza kueleza unanikatiza. Najua Mzee Melkiori alikupigia akakwambia nimemsaliti. Ana haki ya kukulalamikia, maana wewe ndiye uliyeniombea kazi kwake alipokutibu bega. Sasa usikie na upande wangu.

Unakumbuka pale Kinindo alikuwa na vyumba viwili. Kimoja cha uuguzi wa kawaida, maana yeye ni muuguzi mwenye cheti, na kingine cha zile sindano nyembamba za Kichina zisizo na dawa. Sindano alifundishwa na daktari mgeni aliyefanya naye kazi miaka mingi, lakini karatasi ya kuthibitisha hana. Zamani hakuna aliyemuuliza. Mwaka huu tukapata habari kwamba serikali imeanza kuzihesabu sindano hizo kuwa tiba kamili, na kila anayezitumia lazima akaguliwe apewe kibali. Mzee alifurahi sana. Alipaka chumba rangi mpya, akanunua shuka nyeupe. Alisema, "Sasa hawataniita tena mutu wa miti shamba."

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na jambo ambalo hukulijua. Kuna mama mmoja wa Kanyosha, mkulima wa maharage, Mama Goreti. Alikuja na maumivu ya mgongo, akapangiwa kuchomwa mara kumi. Siku ya sita Mzee alimchoma karibu na bega. Mama alipoinuka kitandani akawa anahema kama aliyepanda mlima, midomo imebadilika rangi. Tukamkimbiza hospitali kwa teksi. Kule wakatuambia sindano imefika kwenye pafu, hewa imevuja ndani ya kifua. Walimtoboa ubavuni wakaweka mpira wa kuitoa. Nilikwenda kumwona kila siku mpaka alipotoka. Mzee hakwenda hata mara moja.

Tuliporudi kazini nilimuuliza niandike nini kwenye rejista. Akasema, "Andika ameenda salama. Mutu akipona, maneno iko wapi?" Nikaandika, kaka. Sikulazimishwa kwa fimbo. Mwandiko ni wangu.

Wakaguzi walikuja watatu, mkubwa wao daktari wa kike, mpole, mwenye miwani. Waliangalia sindano kama zinatupwa baada ya mtu mmoja, wakaangalia maji, wakaangalia vyeti. Kila kitu kilienda vizuri. Kisha yule daktari akaketi na rejista, akafunua polepole, akaweka kidole.

"Huyu alipangiwa mara kumi, akaishia sita. Alipona mapema?"

Mzee akajibu haraka, "Ego, ndiyo, alipona."

Yule daktari hakumtazama Mzee. Alinitazama mimi. "Ni wewe uliyeandika?"

Nikasema ndiyo. Nikamfikiria Mama Goreti na ule mpira ubavuni, nikasema, "Nimeandika uongo, dokta. Alilazwa." Nikaeleza yote, na sehemu yangu nikaieleza pia.

Hawakupiga kelele. Waliandika muda mrefu, kisha wakafunga chumba cha sindano. Uuguzi ameruhusiwa kuendelea, ila sindano haruhusiwi kugusa mpaka ajifunze upya chini ya madaktari na afanye mtihani. Mimi nilipewa barua ya onyo. Walipoondoka, Mzee aliniambia maneno machache tu: "Zuhura, ni we unanifanyia hivi? Enda kwako." Siku hiyo ndiyo aliyokupigia.

Nilikaa nyumbani wiki mbili nikishona mashuka ya watu. Nilidhani yameisha. Asubuhi moja nikamkuta Mzee amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hakuniomba msamaha, wala sikuutaka. Aliuliza tu, "Unajua kwake Kanyosha?"

Nikampeleka. Mama Goreti alikuwa anachambua maharage uani. Alitupa vigoda, akaendelea na kazi. Mzee akaanza kusema, akakwama, akaanza tena. Mwisho akasema, "Mi nilikuumiza, halafu nikaficha."

Mama akajibu, "Mi nilijua. Wa hospitali walinieleza yote. Nilikuwa nangojea tu mwenyewe uje."

Akasogeza kitenge, akaonyesha kovu ubavuni. "Gusa."

Mzee amegusa wagonjwa maisha yake yote, lakini mkono wake ulikuwa mzito kama wa mwanafunzi. Alipogusa, mama akamwambia, "Sasa enda ujifunze. Usitoboe mutu mwingine hivi." Kisha akatufungia maharage kwenye mfuko, kila mtu wake.

Sasa Mzee anakwenda darasani hospitali siku tatu kwa wiki, anakaa na vijana wanaoweza kuwa wajukuu zake, na akirudi ananiagiza nimsomee maandishi madogo kwa sababu miwani yake imechoka. Nimerudi kazini. Hatuongei sana, lakini chai anatia vikombe viwili.

Nisalimie mama, umwambie nasali. Nisalimie wifi, na shangazi Mwamini wa dukani, na fundi Rajabu jirani yetu. Kama bado unaona nilikosea, niandikie, nitasoma mpaka mwisho bila kukukatiza.

Ni mimi mdogo wako,
Zuhura