Baba Yenu Anaiamkia Kompyuta

Wanangu,

Maharage yako jikoni. ~~Lificheni kopo la chumvi.~~ Liacheni hapo hapo, baba yenu hataligusa. Maneno yangu huingia sikio hili yakatokea lile, lakini tangu atoke kulazwa na moyo wake ule, hospitali wakimtumia ujumbe kwenye simu anatii kama askari. Wakimkumbusha dawa, anameza, kisha anajibu: "Shikamoo daktari. Nimemeza. Nyumbani tu wazima." Ujumbe unajituma wenyewe, na mzee mzima anaiamkia kompyuta! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kumbe kuna muuguzi anayesoma majibu yake yote. Leo asubuhi ameniandikia mimi: "Mama, mzee anasema hulali tangu augue. Njoo tukupime presha."

Nikaenda kumgombeza baba yenu kwa kunitangaza. Nikamkuta ameshavaa viatu, anangoja kunisindikiza. "Si wamesema nitembee?"

Basi tumetoka. Mvua ikianza, anueni nguo. Tukichelewa msihangaike, tunakwenda mdogo mdogo.

Na anavyokoroma yule, nilidhani hanisikii nikijigeuza kitandani.

Mama yenu