Radio Kitanda

Jumatano, katikati ya mwezi wa nane. Mvua imeanza alfajiri, ikapumzika kidogo asubuhi, ikarudi mchana kama mtu aliyesahau kitu. Nimechoka, lakini moyo umetulia. Naandika sasa kabla giza halijaingia, maana courant, umeme wa mtaa huu, haina ahadi.

Kwa anayefika hapa mara ya kwanza: mimi ni mshonaji, naishi mtaa wa Mangobo, na cherehani yangu iko sebuleni karibu na dirisha. Mwezi wa nane kwetu ni mwezi wa bleu-blanc. Kila mzazi anakumbuka sare ya shule kwa wakati mmoja, na kila mmoja anaitaka jana. Baba ya watoto yuko Yangambi kikazi. Watoto ni wawili: Grâce, anayeingia sekondari mwaka huu, na Josué, ambaye bado hajui kufunga kamba za viatu.

Mwishoni mwa mwezi wa saba Josué alikuwa uani, anavunja kokwa za michikichi kwa jiwe. Kipande cha ganda kikaruka, kikamwingia katika jicho la kulia. Hospitalini wakampasua, wakalishona jicho kwa nyuzi ambazo mimi, pamoja na ufundi wangu wote, sikuweza kuziona. Daktari akatoa masharti. Akae ndani. Asikimbie, asiiname, asikae penye vumbi wala jua. Asiangalie telefone hata kidogo, kwa sababu jicho moja likihangaika, la pili linahangaika nalo. Na zaidi ya yote, asilisugue. Nyuzi zikikatika, jicho linaweza kupotea.

Asilisugue. Mtoto wa miaka sita, na jicho linawasha.

Mimi ni mtu wa mpango. Siku tuliyorudi nyumbani nilikata karatasi ya patroni, ile ya kuchorea vipimo vya nguo, nikaandika ratiba, nikaibandika ukutani. Asubuhi kuchora. Kisha kutunga vifungo kwenye uzi. Kisha kupanga vipande vya vitambaa kwa rangi. Mchana hadithi, jioni nyimbo za kanisa. Niliitazama ile karatasi nikajisifu kimoyomoyo.

Haikufika mbali. Akichora, anakaza lile jicho zima mpaka uso mzima unakunjana. Vifungo vinaanguka, naye anainama kuviokota kabla sijamaliza kusema hapana. Hadithi zangu ni chache, na zile anazozijua ananisahihisha. Nyimbo alizipenda, lakini mtu anayeimba ana mikono mitupu, na mikono mitupu ya Josué inajua njia moja tu, ya kwenda kwenye bandeji. Nilikuwa nashona mshono mmoja, nageuka. Mshono mwingine, nageuka. Sketi ya mteja mmoja ilitoka na mkanda uliopinda kama mto.

Alilia kwa ajili ya telefone. Kwa kweli nilikaribia kumpa. Naliandika hili kwa sababu najua wamama wengine wanaosoma hapa wamewahi kukaribia vilevile.

Na Grâce? Grâce alikuwa amenuna. Likizo hii alikuwa aende Yangambi kwa baba yake, nguo zake zilikuwa tayari kwenye mfuko. Nilimwambia kwamba nitamhitaji hapa. Alilala kifudifudi kwenye mkeka, uso ukutani, na mimi nikafikiri: huyu naye nimempoteza mpaka shule zifunguliwe.

Kisha siku moja mvua kubwa ilipiga, Josué analia, mimi napigana na zipu, Grâce akaamka. Alichukua koni tupu ya uzi, ile ya plastiki ya njano, akaiweka mdomoni, akaanza kwa sauti ya pua kama wale wa redio:

— Allô, allô! Hapa ni Radio Kitanda, sauti ya bale banalala kitandani! Auditeurs wapenzi, benye munatusikiliza, tuko na habari ya sasa hivi. Mutoto moja wa Mangobo analia tangu asubuhi. Banajirani banauliza: machozi yake inatoka ku régie ya maji gani, maana kwetu robinet ya uani iko kavu!

Josué akanyamaza. Kisha akamuuliza dada yake, na makamasi bado puani:

— Yaya, ni mimi?

— Radio haitaji jina. Unataka droit de réponse?

Alitaka kujibu. Akapewa ile koni. Ndivyo redio ilivyozaliwa nyumbani kwangu, na tangu siku ile karatasi yangu ya ukutani imekuwa pambo.

Nashangaa bado jinsi binti huyu alivyoijaza siku. Asubuhi kuna hali ya hewa: Josué anafumba jicho, anasikiliza mabati, anatangaza kama mvua iko kwetu au bado iko mtaa wa pili, Kabondo. Halafu kuna mpira, Mangobo dhidi ya Kabondo, mechi ambayo haipo popote ila midomoni mwao, na ambamo Josué anafunga mabao yote, hata yale ya Kabondo. Kuna “Nani analia?”: Grâce anajificha nyuma ya pazia, anatoa sauti, mkasi, kifuniko cha sufuria, maharagwe ndani ya kopo, kurasa za kitabu cha nyimbo, na Josué anataja. Akipata, anapewa kipande cha makemba, ndizi ya kukaanga. Sikujua kwamba mkasi wangu mkubwa na ule mdogo hailii sawa. Yeye anaitofautisha bila kosa.

Na kuna communiqué, matangazo ya watu. Hapa ndipo majirani walipoingia.

Maman Béa, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, alikuja dirishani siku moja akamwambia Grâce kwa uzito wote: “Directrice, niko na communiqué.” Josué akaisoma, yaani akairudia kwa sauti ya kuvunja mabati:

— Papa Béa, popote uko, bibi yako anasema mboga ya pondu imepoa, na hatapasha moto mara ya pili!

Kutoka upande wa pili wa ukuta sauti nzito ikajibu:

— Droit de réponse! Papa Béa iko hapa nyumbani tangu zamani. Shida, pondu haina samaki!

Niliweka kichwa juu ya cherehani nikacheka mpaka nikasahau mguu kwenye pedali.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nianze kumtazama binti yangu kwa macho mengine.

Kulikuwa na jambo moja kwenye redio hiyo lililoniudhi. Josué alipenda kuishika koni kwa mikono miwili, kama kikombe cha chai ya moto. Grâce alimkatalia kila mara. Micro ni mkono mmoja, mkono wa pili unafunika sikio, hivyo ndivyo wanavyofanya studio. Akisahau, redio inazimwa. Nilimwona mkali bure. Nilimwambia mara moja, mwachie mtoto, ni mchezo tu. Alinitazama kama ninavyomtazama mteja anayenifundisha kukata kola.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuchota maji kwa jirani. Niliporudi nilisimama mlangoni na bidoni mkononi, kwa sababu nilisikia sauti ya Josué imebadilika. Ilikuwa ile sauti ya mwasho. Grâce alikuwa amepiga magoti mbele ya kitanda, hakumgusa.

— Mutangazaji! Mikono yako iko wapi?

— Yaya, inawasha. Inawasha sana.

— Nasikia. Mikono iko wapi?

— Moya ku micro.

— Na ingine?

— Ku sikio. Yaya, kidogo tu. Kidogo kabisa.

— Uko hewani, Josué. Ukisugua, auditeurs watasikia: kru, kru, kru. Papa Béa atasema, eh, ile redio iko na panya.

Kisha kicheko chenye machozi ndani yake. Kisha, kwa sauti inayotetemeka, Josué akaanza kutangaza mwasho wenyewe kama mpira: umetoka kwenye kona, umepita beki, umefika kwenye nyusi, unarudi nyuma, unarudi nyuma, umetoka nje. Mikono yake miwili ilibaki pale pale ilipowekwa.

Nilisimama na bidoni mpaka kidole kikafa ganzi.

Daktari alisema asilisugue, na mimi nikarudia asilisugue, asilisugue, kutwa. Grâce peke yake ndiye aliyejiuliza mikono ya mtoto itakwenda wapi badala yake, akaipa yote miwili kazi. Alilifikiria hilo akiwa amelala anatazama ukuta, siku zile nilipodhani amenuna tu.

Leo ilikuwa siku ya kufunguliwa bandeji.

Usiku sikulala vizuri, sitadanganya. Tulikwenda sisi wawili tu, mimi na Josué, maana moto, yaani pikipiki ya kukodi, ilitutosha hivyo chini ya mwavuli wake, na wateja walikuwa waje kuchukua sare. Grâce alitusindikiza mpaka mlangoni. Alimfunga mdogo wake vifungo vya shati, akaanza tena kutoka juu ingawa vilikuwa vimefungwa.

Chumbani kwa daktari mambo yaliharibika mara moja. Bandeji ilikuwa imeshikana na kope. Infirmière, muuguzi wake, akailainisha kwa maji, taratibu, lakini taa ilipowashwa Josué akapiga kelele na mikono yote miwili ikaruka usoni. Wakamshika. Akapiga mateke. Daktari, mzee mpole, akashusha taa yake.

— Maman, hivi siwezi. Akiendelea, tutamulalisha na dawa siku ingine. Ile jicho, kumulazimisha ni danger.

Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Hata kanisani nasimama safu ya nyuma na naimba kwa midomo. Lakini niliona vile vidole vidogo vinavyotafuta njia ya kupenya kati ya mikono ya watu wazima, nikakunja ngumi, nikaiweka mdomoni.

— Allô, allô, nikasema. Hapa ni Radio Kitanda.

Sauti ilitoka nyembamba kama uzi. Infirmière alinigeukia. Josué alinyamaza ghafla.

— Si wewe, akasema. Directrice iko wapi?

— Directrice iko en mission, safarini. Leo niko mimi, stagiaire, najifunza tu kazi.

Alifikiri. Kifua bado kinapanda na kushuka.

— Unasemea chini. Auditeurs hawasikii.

— Basi nisaidie. Mutangazaji, mikono yako iko wapi?

Niliwaomba wamwachie. Waliangaliana, wakamwachia. Mkono mmoja ukakunja ngumi ukaenda mdomoni. Wa pili ukaenda sikioni. Ilikaa pale kama imeshonwa.

Daktari akafunika lile jicho zima kwa kiganja chake, akainua taa tena, polepole, na hapo ndipo aliposema neno ambalo nitamshukuru kwalo daima:

— Radio Kitanda, tunasikia. Tupatie habari. Unaona nini?

Nilisikia mvua ikipiga dirisha la kile chumba.

— Auditeurs wapenzi, akaanza Josué. Kuna moshi. Hapana, ni... kuna lampe. Lampe kubwa. Ndani ya lampe iko mutu.

— Mutu gani?

— Docteur. Iko na ndevu nyeupe. Na... akasogeza ngumi karibu zaidi na mdomo, akashusha sauti kama mwenye habari nyeti. Docteur iko na nywele ndani ya pua.

Infirmière aliangua kicheko akatoka nje kabisa. Daktari alicheka pia, lakini taa haikutikisika. Kisha akaniambia yale niliyokuwa nayangoja: kidonda kimefunga vizuri. Jicho linaona. Bado kuna ukungu, na ukungu huo ataufuatilia. Nyuzi zitatolewa baadaye. Sasa aanze matone ya jicho, aendelee kukaa ndani, bila telefone, mpaka atakaposema. Akaniuliza ni nani aliyemfundisha mtoto kukaa hivi, maana kwa kazi yake yote hajapata kuona. Nilimwambia ni dada yake. Akarudia: dada yake. Akaandika kitu chake, akatikisa kichwa.

Grâce alikuwa mlangoni tuliporudi, kipimo cha kushonea kimemning'inia shingoni. Nilimwambia yote, tangu mateke mpaka nywele za pua. Alisikiliza amenyooka. Mwishoni alisema “Ahaa” tu, akaingia ndani, akakaa chini kama mtu aliyetua mzigo wa kichwani.

Halafu akaniuliza, bila kunitazama:

— Maman, naweza kupata telefone yako kidogo? Nitakaa nayo nje, kwa barza, asiione.

Nilimpa. Nilimwambia akae nayo mpaka achoke mwenyewe. Amekaa kwa barza, mvua mbele yake, anatazama watu wanaocheza ngoma, anatabasamu peke yake kama msichana yeyote aliye likizo. Nilikuwa nimesahau kwamba ni msichana aliye likizo.

Kutoka kitandani sauti imeanza kuita:

— Directrice! Directrice, antenne! Turudi hewani!

Naye amejibu bila kuinua kichwa:

— Radio iko na coupure, courant imekatika!

— Mupaka saa ngapi?

— Ulizeni kwa barrage, kule courant inatoka!

Ana haki. Amefanya kazi likizo nzima, na hakuna aliyemuuliza kama amechoka. Nimeitazama sketi ya bleu iliyo chini ya sindano, upindo haujaisha, na mwenye sketi atakuja kesho asubuhi akiwa na hasira. Aje.

Koni iko hapa mkononi mwangu ninapoandika. Stagiaire anaingia kazini. Sina habari hata moja kichwani, na sijui kama nitaweza kusema kwa sauti inayofika kwa Papa Béa.