Muhuri Niliouharibu kwa Pasi

Shoga, nimemponza dada!

Cheti chake cha uuguzi kilikuwa na makunyanzi. Jana nikakipiga pasi ili leo kwenye usaili kionekane kipya. Sikumwambia.

Ofisa kapitisha kidole gumba juu ya muhuri. "Muhuri halali huinuka, unakwaruza kidole. Huu umelala kabisa. Umeghushi, binti!"

Umelala! Mimi ndiye niliyeulaza!

Dada analia, anaapa. Mimi niko benchi la nje, mlango wazi, nimeganda. Unanijua nilivyo mwoga.

Nikaingia. "Nilikipiga pasi mimi."

Ofisa akanitazama. "Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tano."

Akacheka. "Basi hilo naliamini." Akapiga simu chuoni waangalie kama jina la dada limo.

Sasa tunasubiri jibu benchi moja. Dada kanipa mgongo.