Geti la Dispensari

Ijumaa, 16 Julai 2010. Riyadh
Roseline amepiga akilia. Dada yangu ndiye nesi pekee wa dispensari ya serikali kule kwetu — na sasa watu wanasema eti anafanyia "Ndiyo" kampeni! Kisa? Geti ni la kijani. Woi! Rangi nilimnunulia mimi, mwezi wa pili, geti lilikuwa kutu tupu. Kijani nilichagua mimi. Nani alijua kwenye kura ya katiba Ndiyo watapewa kijani, Hapana nyekundu?

Jumapili, 18 Julai
Ofisa wa wilaya alienda. Amesema sheria inaruhusu ofisi ya serikali ieleze watu katiba, si kuwaonyesha wapigie upande gani kura. Rose akamwambia geti lilipakwa kabla ya rangi za kura kutangazwa. Akajibiwa, liko pale sasa. Kamati inakuja tarehe 26. Wakipata rangi ya upande wowote, anasimamishwa kazi.
Protus, mlinzi wa geti hapa ninapofanya kazi, amecheka hadi akakaa chini. Mjinga.

Jumanne, 20 Julai
Nimemwambia Rose apake nyeupe. Si hiyo tu!

Alhamisi, 22 Julai. Jeddah
Madam, tajiri wangu ninayemwendesha, amechoka na joto la Riyadh. Nimeendesha mchana kutwa. Kredi ya simu mafi, imeisha kabisa.

Jumamosi, 24 Julai
Balad, soko la zamani. Madam anatafuta mapazia, yalla, haraka, huku, yalla kule. SMS ya Rose: fundi wa rangi amefika! Nimesema asante Yesu kwa sauti, mwenye duka akanikodolea macho.

Jumapili, 25 Julai
Fundi amekwangua kijani chote. Akapaka ile ya kwanza, ya kuzuia kutu. Nikauliza, ya rangi gani?
Red oxide. Nyekundu!!
Nyeupe ilikuwa ipakwe juu yake leo, lakini mvua imenyesha tangu asubuhi. Nikasema basi afunike na shuka. Shuka zote za dispensari ni kijani. Dada yangu analia, na mimi niko huku nabeba mapazia.

Jumatatu, 26 Julai
Niko kwa gari, nje ya duka. Rose alipiga saa ile kamati imefika, watu wa Hapana wanashangilia geti. Akampa ofisa simu, nimweleze. Nikaeleza yote — ile rangi ya kijani pesa nilituma mimi, kutoka Saudia, dada hana makosa.
Kisha nikamsikia akiwaambia wenzake: andikeni, kuna pesa za kampeni kutoka nje.
Nikasema hapana, mkubwa, ngoja — madam akagonga kioo. Halas, basi, yalla! Simu ikakatika.
Sasa madam ameingia duka la pili. Napiga, napiga. Rose hashiki.