Mama Yako Anajibu kwa Wimbo

Mbuchi, Rufiji
12 Shaabani 1368 (9 Juni 1949)

Mpendwa mpwa wangu Kondo,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko hospitalini unakofunga watu vidonda, na kile kifua chako cha baridi kimekuachia. Zamda hajambo? Mtoto ameanza kutambaa? Mie mjomba wako nguvu bado ninazo. Juzi nilibeba boriti mbili za mkoko begani peke yangu, na vijana waliokuwapo wakashika midomo.

Sasa kaa kitako, Kondo. Mama yako anatembea na anakula, lakini hasemi. Homa ilimshika maji ya mto yalipoanza kupungua. Alipoinuka, mkono wa kulia umelegea na maneno hayapo. Ukimwambia kitu anaelewa chote. Akifungua kinywa ajibu, hutoka "ba, ba" tu, kisha machozi. Baba yako alisema tusikuandikie, tusikutie hofu. Mie nakutia, maana kuibeba peke yangu kumenishinda.

Mpunga ulipoanza kutia maziwa tulihamia mashambani kuamia ndege wasiule, kama kila mwaka. Dada yangu sikuweza kumwacha nyumbani na kuta. Nikampandisha kwenye dungu langu, kichanja changu cha kulindia, nikampangia mito, nikakaa naye huko juu nikirusha mawe kwa kombeo.

Ili asichoke nikamsimulia ile habari ya manowari ya Wadachi, jinsi nilivyowaonyesha mlango wa mto wa kujificha, nami ni mtoto wa chuoni. Unajua mama yako hajawahi kuniacha niimalize. Daima alinikata katikati: "Dadi, siku hiyo ulikuwa unaharisha, nilikufulia mimi!" Safari hii nikaisimulia hadi mwisho, manowari ikajificha, nahodha akanipa mkono. Haikuwa na utamu wowote.

Mara ndege wakashuka kama wingu. Biasha, jirani yetu wa dungu la pili, akaanza ule wimbo wao wanawake wa kusukumiana ndege: "Ndege hao, ndege hao, wa nani?" Nyuma yangu nikasikia sauti: "Wa jirani, wa jirani, wapite!" Kondo, nilidhani nimelala. Kombeo likaniponyoka likaanguka matopeni. Alikuwa mama yako, maneno yamenyooka, hata moja halikukatika.

Mie si mtu wa kuchelewa kufahamu. Nikadaka sauti ile ile ya wimbo, nikamwimbia: "Manowari, manowari, ya nani?" Akanitazama, akaimba: "Ya mwongo, ya mwongo, ipite!" Biasha kule alicheka hadi dungu likatikisika. Mie nililia, wala sioni haya kukuandikia.

Tangu hapo nikamjaribu. Nikimwuliza kwa maneno kama anataka uji, anahangaika na "ba, ba". Nikimwuliza kwa wimbo, anaimba kuwa anautaka, na kwamba nilioupika jana ulikuwa na moshi. Hivyo nimevumbua jambo ambalo nadhani hata daktari wako Mzungu hajaliandika. Kichwa ni kama mto wetu huu, unaingia baharini kwa milango mingi. Mlango wa kusema umezibwa na mchanga wa ile homa, lakini mlango wa kuimba haukuguswa, na neno lile lile linapita huko. Mtazame Bashiru, yule kigugumizi wetu. Akitaka kukuamkia utasubiri mpaka jua lizame, ulimi umemganda. Mpe kusoma maulidi kwa sauti ya kuvuta, uone kama atakwama.

Habari hii niliitangaza Mbuchi nzima. Kwa nini niifiche? Watu wakaja kumwona, hata kutoka kijiji cha Mahege. Na Mwinyimvua, yule mganga wa ngoma za pepo, naye akaja. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema anayeimba si mama yako Mwanaharusi. Ati ni pepo, ameufunga ulimi wake na amejichagulia wimbo. Asiimbiwe tena na mtu yeyote mpaka apigiwe ngoma yake na kufukizwa, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Nikamwuliza mbele ya watu, "Pepo gani huyu anayelalamikia uji wangu na kuniita mwongo?"

Akanijibu, "Pepo anayekujua, Dadi."

Watu wakacheka. Baba yako hakucheka, akakubali. Simlaumu, anampenda mkewe na anaogopa. Mama yako akateremshwa dunguni, akarudishwa nyumbani, Biasha akaambiwa afunge kinywa.

Nakwenda kumtazama kila siku. Mwanzo alikuwa akinishika kanzu, akinitazama mdomo, akingoja nianze. Mie nanyamaza kama gogo. Jana hakunishika. Ninachoogopa ni kwamba mlango usiopita chombo nao huzibwa. Tena, nikwambie la moyoni, nikikaa peke yangu najiuliza: je, kama Mwinyimvua anasema kweli, na mie nimekuwa nikimlisha pepo kwa mkono wangu? Na ngoma ile ina moshi mzito na kukesha. Hana mwili wa kuyahimili hayo.

Basi muulize daktari wako kama amepata kuona mgonjwa wa namna hii, aliyeachiwa wimbo akanyimwa maneno. Lakini usinitumie jibu la karatasi. Baba yako hunisikiliza mie kama anavyosikiliza vyura. Wewe mwanawe wa kwanza atakusikiliza. Barua hii anaileta Mussa aliyekuja huko na jahazi la boriti. Panda naye arudipo, mwezi usikutangulie.

Nisalimie Zamda, umbusu mtoto, na umpe salamu rafiki yako Abbasi ukimwona. Huku mke wangu Mwamini na Biasha wanakuamkia. Mola akufungulie njia na akufikishe salama.

Ukifika usimwamkie mama yako kwa kusema. Simama mlangoni, baba yako awe karibu, kisha uimbe, hata kwa hiyo sauti yako ya chura: "Mwana huyo, mwana huyo, wa nani?" Halafu umpe nafasi. Akikujibu kuwa ni wa jirani, apite, usisikitike. Cheka kwa nguvu, baba yako asikie, ajue kuwa huyo ni Mwanaharusi mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye,
Dadi